Hazitumiki, Hazikutumika: Uchambuzi wa Kisa cha Jimbo Kuu la Dublin

Mwaka 1995 waandishi wa habari walimuuliza Desmond Connell, Askofu Mkuu wa Dublin nchini Ireland, kama fedha za jimbo lake zilihusika katika kuwalipa fidia watu walionajisiwa na mapadre walipokuwa watoto. Alijibu kwamba fedha za jimbo hazitumiki kwa kazi hiyo. Miaka miwili nyuma, mwaka 1993, jimbo hilo hilo lilikuwa limemkopesha Padre Ivan Payne takriban pauni 30,000 za Ireland, na kwa mkopo huo padre akamlipa Andrew Madden, aliyekuwa mtumishi wa altare katika parokia ya Cabra, na ambaye padre huyo alimnajisi kwa miaka kadhaa akiwa bado mtoto.

Habari za mkopo zilipojulikana, wengi waliona kwamba askofu wao amewadanganya. Yeye hakukubali. Madden ameeleza kwamba miaka kadhaa baadaye, Connell akiwa tayari ni kardinali, yeye Madden alikaribishwa nyumbani kwa Connell kwa chakula cha mchana, na kardinali akamwomba radhi kwa namna shauri la Payne lilivyoshughulikiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Ila kuna jambo moja ambalo alilishikilia kwa nguvu: kwamba hakusema uongo. Yeye alisema fedha hazitumiki; hakusema hazikutumika. Kwa kuwa kauli yake ilikuwa ya wakati uliopo, haikukanusha kwamba huko nyuma ziliwahi kutumika. Kwa maelezo ya Madden, kardinali aliona kati ya kauli hizo mbili kuna tofauti kubwa mno.

Maelezo hayo ya mezani yananishughulisha kuliko jibu la mwaka 1995 lenyewe. Mtu anaweza kubanwa na waandishi akatamka jambo ambalo hakulipima, na kosa la namna hiyo hata mwenye haki humpata. Lakini aliyepata miaka ya kulifikiria jibu lake, kisha akamweleza aliyeumizwa, ana kwa ana, kwamba lilikuwa halali, ametufungulia mlango wa dhamiri yake tuone inavyopima mambo. Ndani yake hatukuti mtu anayedharau ukweli. Tunakuta mtu anayeuogopa uongo sana, kiasi cha kuuchunga kwa kanuni za sarufi, na ambaye hata hivyo amewaacha wasikilizaji wake wote wakiamini jambo lisilo kweli.

Mengi tunayoyajua kuhusu shauri hili yanatokana na ripoti ya Tume ya Uchunguzi iliyoundwa na serikali ya Ireland mwaka 2006 chini ya Jaji Yvonne Murphy, iliyotolewa tarehe 26 Novemba 2009. Tume ilichunguza namna jimbo kuu la Dublin lilivyoshughulikia malalamiko ya watoto kunajisiwa kati ya mwaka 1975 na 2004, kwa kupitia mashauri ya mapadre 46 waliochaguliwa kama sampuli. Hitimisho lake lilisema kwamba kilichoushughulisha uongozi wa jimbo kilikuwa kutunza siri, kuepuka kashfa, kulinda heshima ya Kanisa na kuhifadhi mali zake. Mtoto hakuwamo katika orodha hiyo. Mwaka 1987 jimbo lilikata bima ya kujikinga na madai ya aina hii, na hakuna anayelipia bima ya janga ambalo hajawahi kulisikia likibisha hodi.

Ni Connell mwenyewe aliyeieleza Tume fundisho alilolitegemea. Waandishi wa maadili wa Kikatoliki wamelijadili kwa karne nyingi, na katika makala hii nitaliita kubakiza moyoni. Kwa ufupi linasema hivi: kusema uongo hakuruhusiwi kamwe, lakini yapo mazingira ambamo mtu analazimika kujibu naye hawezi kufichua anachokijua, na hapo anaweza kutumia kauli yenye maana mbili, akijua kwamba msikilizaji ataelewa ile isiyo ya kweli. Tume iliwafafanulia wasomaji wake kwa mfano. Mtu anakwenda nyumba ya mapadre kulalamika juu ya mwenendo wa paroko msaidizi mmoja. Paroko anamwona akija, naye hataki kumpokea kwa sababu anamhesabu kuwa ni mkorofi, kwa hiyo anamtuma msaidizi mwingine afungue mlango. Mgeni anauliza kama paroko yupo. Anajibiwa kwamba hayupo. Kwa fundisho hilo msaidizi hajasema uongo, kwa sababu moyoni amemalizia sentensi yake kwa maneno ambayo mgeni hakuyasikia: kwa ajili yako.

Msomaji atataka kujua jambo la namna hii liliingiaje katika mafundisho ya Kikristo, na haki inatudai tukiri kwamba liliingia kwa mlango wa heshima. Augustino wa Hippo aliandika kitabu kizima juu ya uongo mnamo mwaka 395 na kingine mnamo mwaka 420, akashikilia kwamba hakuna uongo unaoruhusiwa, hata ule wa kuokoa maisha ya mtu. Msimamo huo ulikuwa mgumu kwa waliokuja baada yake, nao wakaanza kutafuta upenyo. Mara nyingi walisimulia habari za Athanasio wa Aleksandria, ambaye inasemwa kwamba alikuwa akikimbia kwa mashua katika mto Nile, watu wa Kaisari wakamfikia bila kumtambua, wakauliza kama Athanasio yuko mbali, naye akajibu kwamba hayuko mbali. Karne nyingi baadaye, mapadre wa Kikatoliki waliojificha Uingereza waliulizwa kama wao ni mapadre, na jibu la kweli lilikuwa kifo. Mjesuiti Henry Garnet aliyatetea majibu ya maana mbili kwa maandishi, na aliposhtakiwa mwaka 1606 utetezi huo huo ulitumika dhidi yake kabla hajanyongwa.

Kanisa lenyewe liliona hatari iliyokuwamo. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa XI alilaani mafundisho 65 yaliyoonekana kulegeza maadili, na miongoni mwake yalikuwamo yaliyoruhusu mtu kusema neno la uongo ilimradi amelikamilisha kimoyomoyo ili liwe kweli. Kuanzia hapo wanateolojia walitenganisha aina mbili. Iliyofungwa moyoni kabisa, ambayo hata malaika aliyesimama karibu asingeweza kuibaini kwa kusikiliza, ilikataliwa. Ile ambayo msikilizaji makini anaweza kuitambua kutokana na maneno au mazingira ilivumiliwa, kwa sharti kwamba kuwe na sababu nzito na kwamba muulizaji hana haki ya kuujua ukweli anaoutafuta.

Kwa kipimo hicho, mfano wa paroko mlangoni una utata wake, maana kuna miji ambamo kila mtu anaelewa kwamba kuambiwa mwenyeji hayupo ni namna ya kusema hapokei wageni. Jibu la Connell, likitazamwa juu juu, lina afya zaidi. Hakuongeza neno lolote moyoni. Tofauti ya nyakati ilikuwa wazi katika sentensi aliyoitamka, na mwandishi mwenye sikio kali angeweza kumuuliza papo hapo, Na huko nyuma? Nadhani hilo ndilo lililompa kardinali utulivu. Alikuwa profesa wa metafizikia, tawi la falsafa, katika chuo cha University College Dublin kwa miaka mingi kabla ya kuwa askofu mkuu mwaka 1988, na kwa mtu wa taaluma ile, kauli inahesabika kuwa kweli au uongo kwa kile inachodai na si kwa kile ambacho wengine wanakidhania.

Masharti mawili yaliyobaki ndiyo yanayomwangusha. Tuanze na haki ya kujua. Waliouliza mwaka 1995 hawakuwa askari wa Kaisari wanaomwinda mtu aliyejificha. Walikuwa wakiuliza kwa niaba ya waumini waliotoa fedha hizo katika vikapu vya sadaka, na kwa niaba ya wazazi waliokuwa na watoto wanaotumikia altareni. Kama kuna watu wenye haki ya kujua jinsi fedha za jimbo zilivyotumika kuhusu padre aliyenajisi mtoto, ni hao. Kuhusu sababu nzito, mtu anaweza kutaja siri ya makubaliano au heshima ya Madden mwenyewe, lakini Madden alijitokeza mwaka huo huo akasema kwa jina lake, akiwa wa kwanza nchini humo kueleza hadharani kwamba alinajisiwa na padre na kwamba amelipwa. Aliyekuwa na haki ya kufichwa hakuhitaji kufichwa. Kilichofichwa kilikuwa hundi ya jimbo.

Hapa ndipo ninapoona mzizi wa kisa kizima. Fundisho lililobuniwa kumpa mnyonge pa kujificha mbele ya mwenye upanga lilihamia mikononi mwa mwenye mamlaka, naye akalitumia mbele ya wanyonge. Athanasio alikuwa ndani ya mashua. Connell alikuwa ndani ya jumba la askofu mkuu, akiwa na mawakili na hifadhi ya nyaraka ambayo ufunguo wake alikuwa nao yeye, na walio nje ndio waliokuwa wakikimbizwa. Maneno yakabaki yale yale, hoja ikabaki ile ile, lakini uadilifu wake wote ulikuwa umetegemea ni nani aliye mashuani.

Zaidi ya hapo, neno la kwanza la kupoza makali katika shauri hili si hazitumiki. Ni mkopo. Fedha zilitoka jimboni zikapita kwa padre zikamfikia Madden, na kwa kuwa zilipita kwa jina la mkopo, askofu aliweza kusema kwa dhamiri tulivu kwamba jimbo halijalipa fidia. Mtu anayetaka kuelewa jinsi lugha inavyotangulia kutengeneza tendo aangalie hapo. Kauli ya 1995 ilipofika kwenye vipaza sauti, kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanywa kwenye vitabu vya hesabu.

Shauri la pili, ambalo Tume ililiweka bega kwa bega na lile la Madden, linaonyesha kwamba mazoea haya yalikuwa ya nyumba nzima. Marie Collins alikuwa na umri wa miaka 13 mwaka 1960 alipolazwa katika hospitali ya watoto ya Crumlin mjini Dublin, na padre aliyekuwa mhudumu wa kiroho wa wagonjwa akamnajisi. Mwaka huo huo padre huyo alituma Uingereza filamu ya kamera ikasafishwe, na kampuni ikakuta picha za miili ya wasichana wawili wenye umri wa miaka 10 au 11, wagonjwa wa hospitali hiyo. Kampuni iliwapa polisi wa London taarifa, polisi wa London wakawapa wa Ireland, na mkuu wa polisi wa Ireland akalifikisha jambo kwa askofu mkuu wa wakati huo, John Charles McQuaid, ili alishughulikie yeye. McQuaid alimhoji padre. Akaandika kwamba tendo lile lilitokana na mshangao wa padre juu ya maumbile ya mwanamke, na akaona kwamba dawa yake ni kumtafutia daktari Mkatoliki mwema atakayemfundisha maumbile hayo ili mshangao uishe. Tume, ambayo kwa kawaida inaandika kwa lugha kavu ya kisheria, ilisema kwamba hitimisho hilo linachekesha.

Halichekeshi mtu akiifuata njia yake mbele. Tendo lililoitwa mshangao haliwezi kupelekwa mahakamani, kwa kuwa hakuna sheria inayokataza kushangaa. Halimwondoi mtu katika upadre. Linahitaji somo, na somo likishatolewa faili linafungwa. Padre yule alihukumiwa mwaka 1997, miaka 37 baada ya picha zile. Collins alipojaribu kwa mara ya kwanza kumweleza paroko msaidizi wa parokia yake, mwaka 1985, aliambiwa asitaje jina la aliyemtendea. Dhambi ilikubaliwa kuzungumzwa mradi isiwe na mwenyewe.

Baada ya hukumu ya mwaka 1997 jimbo lilitoa tamko kwa vyombo vya habari kwamba limeshirikiana na polisi katika shauri la Collins. Yeye, aliyekuwa amepigana na jimbo hilo kwa miaka miwili ili lifungue mdomo, alistaajabu. Padre mmoja aliyekuwa upande wake aliuliza jimboni maana ya tamko hilo, akarudi na jibu: hatukusema kwamba tulishirikiana kikamilifu. Mkazo uliwekwa kwenye neno kikamilifu, ambalo halikuwamo katika tamko. Hii ni Dublin ile ile ya hazitumiki na hazikutumika, ila safari hii aliyepigwa chenga ni mtu ambaye alijua fika kilichotokea, kwa sababu kilimtokea yeye. Tamko halikuweza kumdanganya. Liliweza tu kumweleza kwamba alichokipitia kimeshaandikwa upya mbele ya taifa, na kwamba akipinga ataonyeshwa kwamba kila neno lilikuwa kweli.

Ni vema kusema kwa haki kwamba Connell hakuwa mbaya kuliko waliomtangulia. Katika mwaka ule ule wa 1995 aliruhusu polisi wapewe majina ya mapadre 17 waliolalamikiwa, jambo ambalo hakuna mtangulizi wake aliyelifanya, na Tume iliitambua hatua hiyo kuwa kubwa. Pamoja na hayo, wakati huo jimbo lilikuwa na malalamiko dhidi ya mapadre wasiopungua 28. Orodha ya watu 17 haina jina la uongo hata moja. Ukiisoma peke yake ni ukweli mtupu, na ukiisoma ukijua waliobaki nje yake unakutana tena na ule ustadi wa kusema kweli kidogo kidogo.

Wapo watakaoniambia kwamba ninawahukumu watu wa Ireland kwa ukali ambao sisi wenyewe hatuuvumilii. Waswahili tumelelewa katika tafsida. Hatusemi fulani amekufa. Tunasema ametutoka, amefariki, Mungu amempenda zaidi. Hatutaji haja za mwili mbele ya wakwe, na kijana anayeongea na baba mkwe wake kwa maneno makavu anahesabika kuwa hakufunzwa. Je, Mkristo anayesema kweli tupu atupe adabu hiyo yote? Sioni sababu. Hakuna msikilizaji wa tangazo la msiba anayeondoka akidhani marehemu amesafiri. Tafsida ya msibani inampa msikilizaji habari yote na kumpunguzia makali. Baada ya kuisikia anajua alichopaswa kujua, na anajua pia kwamba amehurumiwa. Lugha ya jimbo la Dublin ilikuwa na upole huo huo wa sauti, lakini msikilizaji aliondoka mikono mitupu, tena bila kujua kwamba mikono yake ni mitupu. Ndiyo maana siwezi kukubali kipimo cha kuangalia ukali au ulaini wa neno. Naangalia mtu aliyeulizia jambo lake halali ametoka na nini.

Na kwa kipimo hicho baadhi ya maneno yetu hayasimami. Binti wa shule amenajisiwa na mtu anayefahamika, ukoo umeketi, mbuzi na fedha vimepita, na wanapoulizwa wanasema mambo yameshamalizwa kifamilia. Kiongozi wa kwaya ametumia fedha za safari, na wanakwaya wanaambiwa kwamba kumekuwa na changamoto. Padre au mchungaji ameondolewa usiku na tangazo la Jumapili linasema amehamishwa kwa sababu za kichungaji, na parokia inayompokea inapewa sentensi hiyo hiyo, neno kwa neno. Sentensi ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikiandikwa Dublin.

Jambo linaloshangaza katika kisa cha Kikatoliki ni kwamba Kanisa hilo lina desturi ya kusema kweli ambayo ni kali kuliko ya mahakama yoyote, nayo inafundishwa watoto. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwaka 1551, uliamuru kwamba muungamaji azitaje dhambi zake za mauti kwa aina na kwa idadi, pamoja na mazingira yanayobadilisha aina ya dhambi. Mtoto wa miaka tisa anayejiandaa kwa kitubio hufundishwa asiseme tu kwamba alikosea. Aseme aliiba, aliiba nini, mara ngapi. Akijaribu kumwambia padre kwamba alipatwa na mshangao juu ya fedha za mama yake, ataulizwa swali la pili. Kwa hiyo McQuaid na Connell waliketi maisha yao yote kwenye viti vya kitubio wakiwadai waumini maneno ambayo ofisi zao hazikuyatumia. Madden, alipokuwa mtoto wa altare, alidaiwa dhambi zake kwa aina na idadi na wanaume waliokuwa wakiandika za wenzao kwa jumla na kwa mbali.

Maandiko nayo hayajawaachia nafasi kubwa. Daudi, baada ya kupanga Uria auawe vitani, alimtumia Yoabu ujumbe kwamba asihuzunike, kwa kuwa upanga hula huyu na huyu. Ni kauli ya kweli kabisa. Upanga ndivyo ulivyo. Nathani alipokuja hakubishana na ukweli wake. Alirudisha mtenda kwenye tendo: Wewe ndiwe mtu huyo, kisha akamwambia kwamba ni yeye aliyempiga Uria kwa upanga, ingawa Daudi hakutoka Yerusalemu siku ile. Katika nyaraka za Dublin upanga ulikuwa ukila wenyewe kila mahali, malalamiko yakijitokeza na hali zikizuka bila kuonekana mkono wa mtu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, toleo la kwanza la mwaka 1992, ilieleza kwamba kusema uongo ni kusema au kutenda kinyume cha ukweli ili kumpotosha mtu mwenye haki ya kuujua. Toleo rasmi la mwaka 1997 liliondoa maneno hayo ya mwisho, mtu mwenye haki ya kuujua, na kubakiza tu kumpotosha mtu. Kifungu kingine kimebaki, kinachosema kwamba hakuna anayelazimika kumfichulia ukweli asiye na haki nao. Nafikiri marekebisho hayo yalikuwa na hekima kubwa. Kunyamaza kumebaki ruhusa; kupotosha kumepoteza kisingizio chake. Nayo yalitangazwa mwaka ule ule ambao jimbo la Dublin lilitamka kwamba limeshirikiana na polisi.

Hapo turudi kwa Augustino, ambaye waliotafuta upenyo walimpita haraka mno. Katika kitabu chake cha kwanza juu ya uongo anasimulia habari za Firmus, askofu wa Thagaste, mji aliozaliwa Augustino mwenyewe. Mtu mmoja alikimbilia kwake akitafutwa na maofisa wa Kaisari, Firmus akamficha, na maofisa walipokuja kuuliza aliwajibu kwamba hawezi kusema uongo na hawezi kumsaliti mtu. Alijua mtu yuko wapi na aliwaonyesha wazi kwamba anajua. Wakamtesa, akashikilia maneno yake mawili, wakampeleka kwa Kaisari, na Kaisari alivutiwa naye hata akamsamehe yule aliyefichwa. Mwisho ule mwema si lazima utokee kila mara. Lakini Firmus alionyesha kwamba kati ya kusema uongo na kusaliti kuna nafasi ambayo haihitaji ustadi wa sarufi: kukataa kujibu, mbele ya macho ya muulizaji, na kulipa gharama ya kukataa. Kukataa kwa namna hiyo kunamwachia muulizaji ujuzi mmoja wa thamani kubwa, yaani kwamba kuna jambo ambalo hajaambiwa. Kubakiza moyoni kunamnyang'anya hata huo.

Askofu Mkuu Diarmuid Martin, aliyempokea Connell kiti mwaka 2004, aliipa Tume nyaraka za jimbo. Mwezi Februari 2011 aliongoza ibada ya maombolezo na toba katika kanisa kuu la muda la Dublin, iliyoandaliwa kwa kushirikiana na walionajisiwa. Alilala kifudifudi mbele ya altare, sehemu za ripoti zikasomwa, na yeye pamoja na Kardinali Sean O'Malley wa Boston wakawaosha miguu baadhi ya waliotendewa. Agosti 2018 Papa Fransisko alikutana mjini humo na watu wanane waliowahi kunajisiwa au kuteswa na watumishi wa Kanisa, Marie Collins akiwa mmoja wao. Walisimulia baadaye kwamba alipoulizwa juu ya kuficha maovu alitumia neno la Kihispania ambalo watoto hulitumia kwa kinyesi, na mkalimani akalazimika kueleza kwamba Baba Mtakatifu anamaanisha uchafu unaouona chooni. Sijui neno jingine la papa lililonukuliwa kwa furaha hivyo na watu walioumizwa na Kanisa. Hata hivyo Collins alikuwa amekwisha kujiuzulu, mwezi Machi 2017, kutoka tume ya papa ya kulinda watoto, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni ofisi ya Vatikano iliyokataa kujibu barua za walionajisiwa. Connell alikuwa amefariki mwezi Februari mwaka huo.

Limebaki swali ambalo uchambuzi wa kisa haupaswi kulikwepa: angesema nini? Njia ya Firmus ilikuwa wazi kwake. Angeweza kusema kwamba kuna makubaliano ambayo hawezi kuyazungumzia, na waandishi wangeelewa kwamba yapo. Lakini kwa kuwa waulizaji walikuwa na haki, naona jibu lake lilikuwa sentensi moja isiyohitaji profesa: Mwaka 1993 tulimkopesha Padre Payne fedha za jimbo ili amlipe kijana aliyemnajisi. Kila aliyezoea kukaa katika vikao vya parokia anajua kwa nini sentensi kama hiyo haitamkwi kirahisi. Fedha zenyewe zingesameheka. Tatizo lake ni kwamba inamtaja mtenda, inataja tendo, inataja mwaka, na baada yake mtu yeyote aliyesimama pale, hata asiye mwandishi, angeuliza: mlijua tangu lini, na huyo padre yuko parokia gani sasa?